HARAMBEE YA TANKI NA CHOO CHA SHULE YETU: KORONGO LISHAINGIA UWANJANI

Mbukwenyi ndugu zangu wote, wazee shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naandika kwa niaba ya kamati ya shule yetu hapa Kongwa, Dodoma, pamoja na kamati ya harambee. Najua wengi mkiona jina langu kwenye grupu mnasema huyu kashakuja kuomba hela, na kweli nimekuja kuomba hela, sina cha kuficha. Ila nisomeni mpaka chini maana safari hii jambo lenyewe halisubiri, mvua zikianza mwezi wa 12 kabla hatujafanya kitu tutakuja kuongea mengine hapa.

Mliosoma hapa mnakumbuka uwanja wa paredi ulivyokuwa, mlingoti wa bendera katikati, huku netiboli, kule nyuma vyoo. Sasa netiboli haipo tena. Lile korongo ambalo sisi tulikuwa tunaliruka tu tukienda kuchunga, leo ng'ombe akitumbukia hatoki mpaka aitiwe watu wenye kamba. Limekuja taratibu limekula uwanja, mlingoti tukauhamisha, na mwezi wa kwanza mwaka huu mvua moja ya usiku ikaondoka na ukuta wa choo cha wavulana shimo likabaki wazi. Tunamshukuru Mungu ilikuwa usiku. Ingekuwa saa nne watoto wako mapumziko sijui leo ningekuwa naandika nini. Tangu siku hiyo watoto zaidi ya 600, wavulana kwa wasichana, wanagombania matundu manne yaliyobaki upande wa wasichana, na mabinti wa darasa la sita na la saba wengi wanaomba ruhusa kwenda kujisitiri nyumba za jirani, wengine wakishaenda ndo hawarudi darasani siku hiyo. Mwalimu wa kike aliyetueleza haya kwenye kikao aliongea akiangalia chini, na sisi wababa tuliokuwepo tukaangalia chini vilevile.

Sasa jambo ambalo nataka mlielewe, maana kuna waliouliza kwenye grupu kwanini tanki na choo viwe kapu moja. Ni kwasababu maji ndo yametuangusha na maji hayohayo ndo hatuna. Mvua ikinyesha, lile paa refu la madarasa matatu na ofisi linamwaga maji yote chini kwa pamoja, hakuna gata hata moja la kuyakinga, yanatimka uwanjani yanaingia korongoni yanaondoka na udongo. Halafu mwezi wa tano yamekwisha. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa 11 mtoto anakuja shule na kidumu cha lita tano kichwani kutoka kisimani, daftari mkono mmoja, ya kumwagilia mti wake na ya kunawa. Vile vibuyu chirizi vya kunawia mikono tulivyotengeneza nje ya vyoo, ikifika mwezi wa nane vinaning'inia vikavu tu vinapigwa na upepo.

Fundi alitupigia hesabu mkutanoni hata mama zangu wa vikoba wakaelewa. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa letu ni mita 30 kwa 8, yaani mita za mraba 240. Huku kwetu Kongwa mwaka wa kawaida tu mvua inafika milimita 500, kwahiyo paa moja linamwaga lita 120,000 kwa msimu, na hata ukitoa robo inayopotea kwa kuruka na kuvuja bado una 90,000. Lita elfu tisini! Na sisi tunawabebesha watoto vidumu. Tanki tunalotaka kujenga ni la lita 50,000, la saruji na nondo na waya wa kuku, sio la plastiki. Likijaa mwezi wa nne, ukagawa kwa siku zote za kiangazi mpaka mvua nyingine, unapata kama ndoo 12 kubwa kila siku bila kwenda kisimani, na siku za likizo hazitumiki hivyo zinaongezeka. Yale yatakayozidi yatapita kwenye bomba yaelekezwe kwenye makinga maji (matuta ya kuzuia maji) shambani, yasiende tena korongoni.

Mtasema watoto wa shule na miti wapi na wapi, wakasome. Njooni muone kwanza. Shamba la shule kule nyuma, ambalo lilikuwa jangwa la vichaka vilivyokatwa, sasa hivi lina kivuli. Watoto wa darasa la tano na klabu ya mazingira (wakubwa wenzangu tulikuwa tunaiita Malihai) walifundishwa kisiki hai, mambo ambayo yameenea Dodoma hii miaka ya karibuni, unachagua kisiki kinachochipua, unaacha chipukizi zilizonyooka na zenye nguvu, nyingine unapogolea, unafunga kitambaa chenye rangi ili anayepita na panga ajue hapa pana mwenyewe, basi unalinda. Hakuna kumwagilia maana mizizi ya zamani ipo chini inajua maji yako wapi. Migunga iliyokuwa inafika magotini leo inampita mwalimu mkuu. Na watoto ndo wamewafundisha wazazi, mzee mmoja hapa alikuwa anachoma mkaa kwa ujeuri kabisa, mjukuu wake alifunga vitambaa kwenye visiki vyote vya shamba la babu, mzee akashindwa kuvikata. Bado analalamika lakini hakati.

Lakini uwanjani shuleni hakuna visiki, tuling'oa vyote zamani ili pafagilike vizuri. Miaka na miaka usafi wa asubuhi ulikuwa ni kufagia uwanja mpaka ung'ae, nyasi zikichomoza zinang'olewa, na mgeni akija anasifia. Udongo uliofagiwa hivyo ukipigwa na mvua ya kwetu hauna pa kushika. Kwahiyo pale uwanjani lazima miche, miarobaini, mikwaju, mipapai, na miche lazima maji. Kila darasa lina mstari wake na kila mtoto ana mti wake, anajua umri wake kuliko anavyojua umri wa mdogo wake. Ikifika mwezi wa tisa mistari inaanza kukauka mmoja mmoja. Halafu tarehe 1 Aprili, siku ya kupanda miti kitaifa, tunapanda tena na picha zinapigwa, wakati huku kwetu Aprili mvua ndo inaaga. Mimi hilo nimelisema kwenye vikao mpaka nikaitwa mpinzani. Bila tanki, mche wa Aprili ni wa kupigia picha tu.

Na mbuzi. Hili nalisema kwa upole. Tumepanda minyaa kuzunguka shule, serikali ya kijiji imeweka sheria ndogo na faini ipo, lakini mbuzi wa baadhi ya wanakamati bado wanaingia na wanakamati wenyewe wanajua nawasema wao. Wazee wanakumbuka wenzetu wa Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye lile eneo lililokuwa limeliwa na makorongo, ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote wakatoka. Huku hatujafika huko na hatuombi kufika. Funga mbuzi wako tu.

Sisi watu wa Kongwa hatupaswi kuambiwa mara mbili habari za ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na matrekta na mahela ya serikali yao, wakafyeka pori wapande karanga, mvua haikuwatii na udongo ukikauka unakuwa mgumu hauingiliki, 1951 mradi ukafungwa. Babu zetu wengine walikuwa vibarua mle. Simaanishi korongo letu lililetwa na Wazungu, korongo hili tumelichimba wenyewe kwa mifugo na mkaa na fagio. Ila wao walikuwa na mashine zote zile na hawakufika popote, na watoto wetu kwa panga moja la mwalimu na vipande vya vitambaa wamerudisha pori nyuma ya shule. Mimi hilo linanipa jeuri kidogo, mtanisamehe.

Haya tuje kwenye hela. Tanki 8,600,000 pamoja na fundi. Gata za paa zima na mabomba 1,900,000. Choo kipya cha matundu 6, kikiwa mbali na korongo, na chumba kimoja cha mabinti chenye mlango wa kufunga kwa ndani, 5,200,000. Waya na usafiri wa mawe ya kuziba korongo kwa hatua 1,100,000. Jumla 16,800,000. Hapa kijijini tushachanga 2,340,000, humo mna vikoba, mna sadaka maalumu ya kanisani na mchango uliokusanywa msikitini Ijumaa, mna vijana wa bodaboda pale stendi, na mna mnada wa kuku na mayai baada ya ibada ambapo jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mpaka akachoka. Imebaki 14,460,000. Nguvu kazi haimo kwenye hesabu hiyo, shimo la choo lishachimbwa, mawe yameletwa, mchanga kila kaya imetoa. Hata kaya zisizo na mtoto shuleni zimetoa.

Elimu bila ada tangu 2016 imesaidia sana, tusiwe watu wa kusahau, watoto wameongezeka kweli. Lakini ndo hivyo wameongezeka na paa ni lilelile na ruzuku haiwezi kujenga tanki la ukubwa huu. Halmashauri tumeandika, tumejibiwa tuko kwenye mpango. Korongo halijui mpango.

Nyie mlioko nje ya kijiji mlishatubeba huko nyuma na hatujasahau. 2016 kwenye kampeni ya madawati mlioko Dar na Morogoro mlituma mpaka watoto wote wakanyanyuka chini, na madawati yale mpaka leo yapo, machache ndo yamevunjika miguu. Dada zetu walioko Muscat walituma hela ya jiko banifu la uji bila hata kuombwa mara ya pili, kuni zimepungua sana. Ndo maana naona aibu kurudi kwenu tena, lakini nirudi kwa nani? Wapo pia walioahidi mbao za ofisi ya walimu kwenye kikao cha mwaka juzi, wakapigiwa makofi na vigelegele, mbao zile bado tunazisubiri. Sitaji mtu. Wenyewe mkisoma mnajijua, na mkigeuza ahadi ya mbao iwe ya saruji hatutauliza chochote. Na hili nalo niliseme, kuna harusi moja hapa katikati ya mwaka ilikuwa na vikao kila Jumapili na kadi ya mtu mmoja ilikuwa 50,000, bajeti ilitimia na ikazidi, na nusu ya kamati ile ni watoto wa shule hii. Sijakataza harusi, mie mwenyewe nilikula pilau.

Mfuko wa saruji huku kwetu ukiuweka na usafiri ni kama 20,000. Ukitoa huo umetoa. Mwenye 5,000 alete 5,000, mwenye debe la mtama alete mtama utauzwa, wafanyabiashara wa Kibaigwa wameshasema watatuma mzani wao na mtu wa kununua palepale kwa bei ya soko. Mwenye kuku, mwenye mbuzi, karibu sana (mbuzi wa minyaa wakiletwa mnadani tutafurahi zaidi ya wote). Fundi wa gata anayesoma hapa akitaka kutoa siku zake mbili badala ya hela naye tunaandika jina lake kwenye daftari sawa na wengine.

Hela haipiti kwenye simu ya mtu, wala yangu. Inaingia akaunti ya shule, namba mtaipata kwa mwalimu mkuu au kwa mtendaji, na watia saini ni watatu akiwemo mama mmoja wa kikoba ambaye wanaomjua wanajua shilingi haipiti kizembe. Mapato na matumizi yatabandikwa ubao wa ofisi ya kijiji kila Jumatatu na picha itawekwa kwenye grupu. Risiti zote zipo. Kitakachobaki kama kitabaki kinaenda kwenye mlango wa stoo.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, palepale shuleni, kivulini kwenye migunga ya watoto, hatukodi turubai mwaka huu. Mgeni rasmi hatujaalika. Tulijadili tukaona mgeni rasmi anataka soda na maji ya chupa na shada na kusubiriwa mpaka saa nane, basi mgeni rasmi ni darasa la tano, watawatembeza mistari yao ya miti na watawapeleka mpaka ukingoni mkaone, ila tafadhali msisogee sana maana ukingo unamong'onyoka. Ngoma ipo, kwaya zote mbili zipo, mchungaji na shehe wote wamekubali kuomba kwa ufupi.

Mtakaotoka mbali mkishuka Mbande tuambieni mapema, vijana wa bodaboda watawafuata bure. Mbuzi na kuku wa mnada waletwe Ijumaa jioni kwa mlinzi wa shule waandikwe, wafungwe kamba nzuri, na kila mmoja aje na maji yake ya kunywa kwasababu kama nilivyosema shuleni hamna.