Harusi za mkoani: kilomita 20 za mwisho ndizo zinazotesa wageni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na watu wa makundi mawili: wanaojiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda kwenye harusi ya rafiki mkoani Kilimanjaro kiangazi hiki, na kamati zinazowaalika. Masika yamekatika, shule zinafunga Juni, na kuanzia sasa hadi Septemba karibu kila Jumamosi utaona Kosta zenye riboni kwenye vioo vya pembeni zikipandisha kutoka Himo.

Wengi hujipanga kwa ajili ya zile kilomita 560 hivi za lami. Hizo zina wenyewe: kuna basi, kuna tiketi, kuna konda. Kinachoharibu sherehe ni kilomita 20 za mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlango wa kanisa, halafu ule usiku wa kutoka ukumbini. Huko hakuna mwenyewe. Kamati inadhani mgeni amejipanga, mgeni anadhani kamati imempangia.

Tuanze na kadi. Kadi nyingi huandikwa kana kwamba waalikwa wote ni watu wa pale pale. Utasoma "ibada itafanyika Machame, saa 8 mchana", basi. Machame ina sharika nyingi za KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mgeni wa Kimara hajui kwamba ukipandia njia isiyo yake huwezi kukata kushoto ukatokea unakotaka, kwa sababu katikati kuna korongo. Barabara za Uchagani hupanda mlima zikifuata migongo. Za kukatiza kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni chache, na baadhi yake ni za vumbi na kona. Ukikosea, mara nyingi dawa ni kuteremka tena hadi barabara kuu uanze upya, na hapo saa nzima imekwenda.

Kwa hiyo kamati, pamoja na kadi, tumeni ujumbe wenye mambo manne: jina kamili la usharika au parokia, jina la njia panda ya kushukia, pini ya ramani, na namba ya mtu mmoja wa kupokea wageni ambaye si bwana harusi wala msimamizi wake. Simu ya bwana harusi siku hiyo iko mfukoni mwa msimamizi, na msimamizi yuko kwa kinyozi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na kanisani matangazo husomwa mapema, kwa hiyo hakuna kamati inayoweza kusema mahali palijulikana jana.

Mgeni naye ajue anashukia wapi. Anayekwenda Marangu au Rombo hana haja ya kufika Moshi mjini. Anashuka njia panda ya Himo, ambayo basi la kutoka Dar huipita kwanza. Wa Machame anapita Moshi na kushuka njia panda ya Machame kwenye barabara ya Arusha, iwapo basi lake linaendelea Arusha. Mwambie konda hivyo wakati wa kupakia, siyo mnapokaribia. Begi la Himo likisukumwa ndani kabisa ya buti chini ya mizigo ya Arusha, mtasimama pembeni ya barabara dakika 20 konda akitoa magunia ya watu, na basi zima litakujua jina. Kutoka njia panda kuna Haisi, Noah na bodaboda. Mchana zipo za kutosha. Giza likiingia zinapungua, na bodaboda ya usiku kwenye mlima ukiwa umevaa gauni refu ni jambo la kuepuka kabisa, maana pindo hukamatwa na mnyororo au spoku. Mkiwa wanne au watano, agizeni Noah siku moja kabla kupitia yule mtu wa kupokea wageni.

Kuhusu muda, hesabu ni fupi. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kifaa cha LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo kinamwona dereva popote alipo. Kwenye makazi kuna vibao vya 50. Ongeza foleni ya Mbezi hadi Kibaha, ongeza kula na kuchimba dawa Korogwe au Mombo, unapata safari ya kati ya saa 9 na saa 11. Basi lililotoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis saa 12 asubuhi litakufikisha Himo kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni. Kupanda basi la alfajiri siku ya harusi yenyewe kwa ibada ya saa 8 mchana ni kwenda kuwakuta watu wanapiga picha. Panda Ijumaa asubuhi, ulale, uamke mtu.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wapo wanaotoka kazini Ijumaa na kupanda la usiku. Inawezekana, ila soma tiketi vizuri. Mashine haiandiki saa kwa Kiswahili. Tiketi ya 00:30 ya tarehe 12 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, maana yake unatakiwa uwe kituoni tarehe 11 kabla ya saa 6 usiku. Hufika mtu tarehe 12 usiku, suti begani, anaambiwa basi lake lilishaondoka jana. Vilevile 06:00 si saa 6. Na uliza unapandia wapi, kwa kuwa baadhi ya kampuni huanzia kwenye ofisi zao za Shekilango kabla ya kwenda Mbezi, nyingine haziendi huko kabisa.

Marafiki wakifika 20 na ushee, wazo la kukodi Kosta huja lenyewe. Si wazo baya, lakini ndipo penye makosa makubwa zaidi, na hapa naomba nikae kidogo.

Kwanza hesabuni waliolipa, siyo walioahidi. Kosta imegawanywa kwa watu 28, Alhamisi jioni wanane "wamepata dharura", na waliobaki wanachanga upya wakiwa wamenuna kabla safari haijaanza. Wekeni siku ya mwisho ya kulipa, wiki moja kabla, na atakayechelewa apande basi. Pili, Kosta ya daladala ina leseni ya njia yake ya mjini. Kuitoa mkoani kunahitaji kibali cha muda cha LATRA, na anayekiomba ni mwenye gari. Mwambie akuonyeshe kabla hujalipa, siyo mkiwa mmesimamishwa Chalinze. Tatu, mkataba uandikwe, hata kama ni karatasi ya daftari: mafuta ni ya nani, gari liko nanyi siku ngapi, mizunguko ya Jumamosi imo au haimo, dereva atalala na kula kwa gharama ya nani, na likiharibika nani anatafuta jingine. Mizunguko ya Jumamosi ndiyo huleta ugomvi. Mwenye gari alihesabu kwenda na kurudi. Nyinyi mlihesabu na saluni, na kanisani, na bustani ya picha, na ukumbini.

Sasa dereva. Safari ya zaidi ya saa 8 inataka madereva wawili, na kundi linalokodi gari binafsi mara nyingi humlipa mmoja ili kupunguza gharama. Mtazame mtu huyo. Ijumaa ameendesha kutoka Dar. Jumamosi asubuhi amepeleka watu saluni, mchana kanisani, jioni kwenye picha. Saa 7 usiku anatakiwa ateremke mlimani na watu 28 wanaoimba. Katikati ya hapo alijilaza kwenye kiti, mlango wazi kwa sababu ya joto la injini, spika za ukumbini zikimpigia masikioni, na kila aliyepita amemletea chupa kwa nia njema. Jumapili asubuhi mnamdai awarudishe Dar.

Mpangieni kitanda, si kiti. Chakula chake kitoke jikoni saa 1 jioni pamoja na cha wapiga picha, maana cha wageni kitatoka saa 4. Awepo mtu mmoja kwenye kundi, anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kukataa bia za dereva. Kabla ya kuondoka kagueni matairi yote pamoja na la akiba, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za tahadhari, na mlango wa dharura kama unafunguka kweli au umezibwa na mabegi. Njia hii tunaijua. Februari 2023, usiku, Kosta iliyokuwa ikisafirisha msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na lori wilayani Korogwe. Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025, basi na Kosta viligongana Sabasaba, wilayani Same, vikawaka moto, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Wenye magari yao madogo wanakabiliwa na kitu kimoja zaidi: tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Vijiji vya Handeni, Korogwe na Same vina vibao vya 50 vilivyofuatana, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kupitia Bagamoyo na kutokea Msata hukuepusha na malori ya Chalinze. Pokezaneni usukani kila baada ya saa mbili au tatu.

Mavazi yanahitaji maneno machache tu. Sare ipelekwe kwa fundi wiki tatu kabla na ijaribiwe siku tatu kabla, siyo usiku wa safari. Gauni na suti visiingie buti hata siku moja. Buti la basi lina vumbi, na jirani ya begi lako anaweza kuwa ndoo ya dagaa. Vibebe mkononi kwenye mfuko wake. Halafu kuna baridi, ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka iwakamate. Moshi mjini ipo kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya Marangu na Machame huvuka mita 1,300. Usiku wa Julai chini ya turubai, gauni la mgongo wazi linahitaji mtandio mzito au koti, na mwanamume atashukuru kuvaa fulana ya ndani. Viatu vya kisigino chembamba huzama kwenye nyasi za ua wa nyumbani. Vaa kisigino kinene au uwe na vya kubadilisha.

Mchango na zawadi ni vitu viwili, ingawa kuna wanaodhani kimoja kinafuta kingine. Mchango hulipwa kabla ya kadi kutoka. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mweka hazina, tuma na ya kutolea, na utunze ujumbe wa muamala hadi siku kamati itakapovunjwa. Zawadi ni ya ukumbini, MC anapoita "marafiki kutoka Dar". Kundi lije na kitu kimoja kizuri, kilichonunuliwa Moshi. Seti ya vyombo vya udongo iliyosafiri saa 10 kwenye buti hufika ikilia kama kayamba. Bahasha iandikwe majina kwa ndani pia, kwa sababu lebo za nje hubanduka kwenye kapu.

Tena, kula saa 10 jioni. Kadi husema ukumbini saa 12. Maharusi huingia saa 2. Kuna utambulisho, kuna keki, kuna ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, kuingizwa kwa ngoma akiwa na majani mdomoni, ndipo vifuniko vya chakula vifunguliwe. Kwa wanaolala gesti mjini Moshi, malizana na mlinzi mchana kwamba mtarudi usiku mkubwa, kwani mageti mengine hufungwa saa 5.

Ombi langu la mwisho ni kwa kamati zenye wageni wengi wa mbali. Ombeni ibada ya saa 4 asubuhi badala ya saa 8 mchana, na andikeni kwenye mkataba wa MC kwamba anafunga shughuli saa 4 usiku. Mchana wa Julai mlimani hauna jua la kuwachosha watu, picha hutoka vizuri zaidi, na Kosta zitateremka kabla dereva hajaishiwa nguvu. Wageni nao wanunue tiketi ya kurudi siku ile ile wanaponunua ya kwenda, kwa basi la Jumapili saa 3 au saa 4 asubuhi, wakijua watashuka Mbezi usiku. Mwenye zamu ya Jumatatu alfajiri aombe ruhusa mapema, kabla hata ya kukata kitambaa cha sare.

Mjumbe wa kamati za harusi,
Kimara, Dar es Salaam