Tasnifu za haki jinai ziandikwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelibeba muda mrefu, kazini nikilisema watu wanatikisa kichwa kukubali halafu tunaenda kwenye agenda nyingine na ndo imetoka hiyo.

Mimi ni afisa probesheni, huu mwaka wa 11 kazini. Nimesoma masta ya haki jinai, yaani mambo ya polisi, mahakama na magereza, vipindi jioni na wikiendi, ada nimelipa mwenyewe kwa mkopo wa saccos ambao nimeumaliza juzi juzi tu, na sijutii. Wadogo zangu wa kazini wakiniuliza waende au wasiende nawaambia nendeni, tena mapema kabla majukumu hayajawa mengi. Mimi kabla ya hapo taarifa za uchunguzi wa kijamii nilikuwa naandika kwa mazoea. Hakimu anaomba taarifa kabla ya kutoa adhabu, naenda nyumbani kwa mshtakiwa, naongea na mama yake, na balozi, na mtendaji, narudi naandika ukurasa mmoja na nusu kwamba kijana ni mtiifu kaponzwa na makundi, apewe huduma kwa jamii. Baada ya hapo aliendeleaje sikuwahi kufuatilia kwa mpangilio. Masta ndo ilinifundisha kurudi kwenye rejista na kuuliza, hawa niliowapendekeza miaka mitano iliyopita wako wapi leo, nani karudi mahakamani, nani hajarudi na kwa nini. Hilo peke yake lilitosha kunibadilisha kazi yangu.

Shida yangu iko kwenye kuandika.

Utafiti wangu ulihusu watu wanaotumikia adhabu nje ya gereza kwa ile Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3 hakimu anaweza kumpa mtu kazi ya kuitumikia jamii badala ya kumpeleka ndani. Nilihoji watu wengi, vijana, akina mama wa gongo, wazee wa kesi za kugombea mipaka waliopigana mapanga. Wote kwa Kiswahili, wengine kwa kilugha. Halafu nikakaa usiku miezi minne nawageuza wote kuwa Waingereza.

Kuna kijana mmoja alikuwa anafagia uwanja wa zahanati ya kijijini kwao, kesi yake ni ya kuku. Nilimkuta na fagio la chelewa, kavua viatu kaviweka pembeni ya ngazi visichafuke maana ni pea moja tu anayo. Nikamuuliza unaionaje adhabu hii, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, unafagia huku mama yako mzazi kakaa foleni ya kliniki na wenzake wanamtazama yeye, hawakutazami wewe. Hiyo nayo ni jela, ila jioni unalala kwenu." Nimeyaandika kama alivyosema. Sasa nenda kasome tasnifu yangu utamkuta yule kijana amekuwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kunyanyapaliwa, basi. Mama hayupo, foleni haipo, na lile la kwamba aibu ilimwendea mama na sio yeye, ambalo ndo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote niliyoyasikia kwenye fildi nzima, limepotea, na msimamizi wangu akaniwekea tiki kwamba sentensi imekaa vizuri.

Au chukua neno kubambikiwa. Kila Mtanzania analijua, ukisema fulani kabambikiwa kesi huhitaji kueleza, ndani yake kuna aliyebambika, kuna sababu, kuna ugomvi wa nyuma, na mara nyingi kuna hela. Nililitafsiri mara tatu na mara tatu likarudishwa. Mwishoni nikaandika maneno yenye maana ya tuhuma za uongo, ambayo ni kitu kingine kabisa, tuhuma ya uongo hata jirani mwenye wivu anaweza kukuzushia. Na "upelelezi haujakamilika" je? Hii sentensi mahabusu anaisikia kila baada ya siku 14 kesi ikitajwa, anapanda karandinga anarudi, anashuka, anaisikia tena. Kuna mzee mmoja aliniambia yeye alivyokuwa ndani kwa kesi ya nyuma alikuwa anaisema pamoja na mwendesha mashtaka, kimoyomoyo, kama kuitikia sala. Weka hiyo kwa Kiingereza halafu niambie imebaki nini.

Sasa mhariri, hoja yangu ni hii. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria zetu na lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa mazingira maalum. Mahakama za mwanzo zilikuwa kwenye Kiswahili tangu zamani, ila huko juu shahidi alikuwa anaongea Kiswahili hakimu anaandika Kiingereza, na wote tulikubaliana kwamba haifai mtu kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Kama haifai kumhukumu hivyo, inafaaje kumtafiti hivyo? Unamkalisha mtu chini ya mwembe saa nzima anakufungulia maisha yake, halafu unayaandika kwa lugha ambayo yeye, na mama yake, na nyampara wake, na askari wa zamu, hakuna atakayeisoma.

Nilipoanza kusoma ukimwambia mtu unasoma haki jinai anakuuliza kwa hiyo utakuwa wakili au polisi. Ikaja ile Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, ilizinduliwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo, na wananchi walisema mbele yake mambo ya polisi, ya magereza, ya dhamana, ya kubambikiwa, wakayasema kwa Kiswahili na yakaeleweka. Leo neno haki jinai hata kijiweni unalisikia. Nchi nzima imeweza kulijadili hili jambo kwa Kiswahili, kwa nini mwanafunzi wa masta asiweze?

Najua nitakachojibiwa. Kwamba istilahi hazitoshi. Jamani, dhamana tunayo, mahabusu tunayo, rufaa, mashtaka, kielelezo, mwenendo wa shauri, kifungo cha nje, msamaha wa Rais, yote tunayo na yanatumika kila siku kutoka lokapu mpaka Mahakama ya Rufani, na parole, ile ya mfungwa kuachiwa mapema kwa masharti, tunaita parole na kila mtu gerezani anajua ni nini. Yale ya nadharia za wataalamu wa nje yatakuwa na kazi kidogo, sikatai, na tuendelee kuwasoma kwa Kiingereza hukohuko kwao, mimi sijasema tuache kusoma Kiingereza. Kwamba mtahini wa nje hatajua lugha. Mbona pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika kwa Kiswahili mpaka tasnifu za uzamivu na wanatahiniwa vizuri tu.

Naomba TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na vyuo wakae na hili, waanze na haki jinai kwa sababu sheria ya mahakama imeshatangulia. Mwanafunzi apewe ruhusa ya kuchagua lugha. Na kama hilo watasema ni kubwa mno kwa sasa, basi angalau iwe sharti la kuhitimu kwamba kila tasnifu iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 20 hivi, na mwanafunzi aupeleke mwenyewe kule alikofanyia utafiti. Kule wanatupa muda wao bure na kila sehemu niliyopita waliniambia, ukimaliza utuletee tusome.

Mimi nilipeleka. Nilipeleka ile yenyewe ya jalada gumu na herufi za dhahabu, kwa mganga mfawidhi wa ile zahanati, mzee wa watu ambaye ndo alikuwa anasimamia wale wenye adhabu na kuwasainia rejista. Akaifungua, akafunua funua, akavaa miwani, akavua, akaniuliza "sasa mama, hapa umesema nini?" Nikasimama pale pale mlangoni nikamwelezea nusu saa, na ninachokiona mpaka leo ni jinsi alivyoifunga taratibu na kuiweka juu ya kabati la dawa, kwa heshima kabisa, na nikajua haitashuka tena.

Ndo mwaka huu nikaanza kuitafsiri mwenyewe, nirudishe yale maneno walivyoyasema kutoka kwenye daftari zangu. Sura ya nne imekwisha, nikaichapa nikamtumia yule mganga kwa basi. Haikupita wiki akanipigia. Nikamwamkia, akaitika, akasema mama, ukurasa wa 9 umeandika yule kijana wa kuku alitoroka adhabu siku tatu, sio kweli. Rejista haina sahihi yake zile siku kwa sababu mimi mwenyewe nilimtuma, kulikuwa na mjamzito hali mbaya, gari ilikwama mtoni, yeye na wenzake ndo walimbeba kwa machela mpaka barabara kubwa, akabaki kule hospitali ya wilaya kumsaidia mume wa yule mama mpaka mtoto akazaliwa.

Kwenye tasnifu ya Kiingereza, iliyopitishwa na jopo zima, yule kijana bado ni mtoro.

Afisa probesheni,
Morogoro