Shukrani kwa mama wa penseli

Jina lako sikuliuliza, na hadi leo najilaumu. Alhamisi ile tulikaa meza moja katika chumba cha kusomea cha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kule Kew. Mimi nilikuja na kalamu ya wino, kumbe pale ni marufuku. Ukanisogezea penseli yako bila neno.

Nilikuwa na boksi la picha za Jamaika na mafaili ya 1961 na 1962. Nyuma ya picha nyingi hamna hata mstari. Moja ilinitatiza: Norman Manley na Alexander Bustamante, vigogo wa siasa za Jamaika, wanacheka pamoja, ilhali mafaili yanawaonyesha wakivutana vikali juu ya Shirikisho la West Indies, muungano wa visiwa vya Karibea vilivyotawaliwa na Uingereza. Ukaninong'oneza kwamba hao ni mtu na binamu yake. Basi! Kutwa nzima nilikuwa nawasoma kama maadui tu.

Tulipotoka kunywa chai ukanipangia mambo yalivyofuatana: kura ya maoni ya Septemba 19, 1961, kuhusu Jamaika kubaki katika Shirikisho, ambayo Manley aliiitisha mwenyewe akashindwa, uchaguzi wa Aprili 1962 uliompa ushindi Bustamante, kisha usiku wa kuamkia Agosti 6, bendera ya Uingereza ikashushwa Kingston, Jamaika ikawa huru. Ulikuwa na miaka tisa, ukasema, na unachokumbuka zaidi ni viatu vipya vilivyokubana. (Nilicheka, mama yangu kule Tanga ana kisa kama hicho cha Desemba 1961.)

Picha tano nimezipanga upya kwa sababu yako. Asante sana, mama. Penseli bado ninayo.