Risala ya Klabu ya Elektroniki na Usalama wa Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuyaacha majukumu yako mengi na kuja kujumuika nasi. Tunakushukuru pia kwa kufika saa ile ile uliyosema, jambo ambalo klabu hii imejifunza kulithamini.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu ilianza na bisibisi mbili, pasi moja ya kulehemu na redio mbovu ya mwalimu mlezi. Historia iliyobaki ni ndefu, tutaiacha.

Mafanikio ni makubwa. Kwa Arduino, bodi ndogo inayopangiwa kazi kwa programu, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, tumeunda kengele ya vipindi inayojiendesha yenyewe, na haijakosea hata mara moja, ukiacha usiku ule betri ya saa yake ilipokwisha ikaamsha bweni zima saa nane. Tumefufua redio tatu, mbili zinasikika. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule tulikagua mtandao wa shule, tukakuta ruta, kifaa kinachogawa intaneti, bado ina nywila ya kiwandani. Ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Anayeona hilo ni dogo akumbuke Mirai ya mwaka 2016, programu iliyoteka kamera na ruta chungu nzima duniani kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani sitini na kitu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba osiloskopu, chombo kinachochora kwenye kioo mawimbi ya volti zinavyopanda na kushuka.

Maltimita, mita ya kupimia volti, tunayo, na tunaiheshimu. Lakini tarakimu zake hubadilika mara chache tu kwa sekunde, wakati data ikipita kwenye waya kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, kila biti, yaani kila 0 au 1, hukaa chini ya mikrosekunde 9. Waya huo una volti 0 au volti 3.3, basi. Mita yetu husoma volti 2, yaani wastani. Ni sawa na mwanafunzi mmoja yuko darasani, mwingine ametoroka, halafu uambiwe wote wawili wako mlangoni.

Muhula uliopita tulifungua ruta iliyotupwa ili tujifunze inavyowaka. Kwenye bodi palikuwa na pini nne zisizo na maandishi. Mwenye osiloskopu angeiona pini inayotuma data mara tu ruta inapowashwa. Sisi tulibahatisha. Mwenzetu alipeleka volti 5 kwenye pini ya volti 3.3, na kilichofuata ni harufu. Chipu hiyo tumeibandika ukutani.

Njia ya mkato tumeshaijaribu. Tulitumia tundu la maikrofoni la kompyuta, lakini kadi ya sauti hupima mara 48,000 kwa sekunde. Kati ya kipimo na kipimo biti mbili zimeshapita. Inafaa kwa redio zetu, hapo tunakiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si geni kwenye kiti ulichokalia. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alitwambia tuhesabu wiki mbili. Tulihesabu. Tukachonga rafu, tukaipaka vanishi, tukabandika karatasi yenye neno OSILOSKOPU. Aliyemfuata alituma kijana na boksi kubwa, tukapiga vigelegele kabla ya kulifungua. Ndani mlikuwa na kioo cha kompyuta. Tunadhani ujumbe ulifika kama "kioo cha kuonyesha mawimbi". Tunakishukuru na tunakitumia. Rafu bado ina karatasi yake, na buibui amehamia.

Hatuombi makubwa. Chaneli mbili, megahezi 50, hata ikiwa imetumika, mradi ije na probu zake, nyaya za kugusia kinachopimwa, maana bila probu hiyo ni televisheni isiyo na antena. Kuukuu ya mwezi huu tunaipenda kuliko mpya ya "tutaangalia". Feni ya kuvuta moshi wa kulehemu nayo tunaihitaji, ila leo hatutaki kukupa pa kuchagua.

Nakala ya risala hii tunakukabidhi, pamoja na zile za miaka miwili iliyopita. Kwenye ukurasa wa ombi utaona kilichobadilika ni tarehe tu. Baada ya hotuba yako tunakuomba dakika tano upite maabara, uione rafu.

Karibu sana.

Katibu,
kwa niaba ya wanaklabu wote