Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wa mafunzo ya walimu wa mazoezi ya wazee

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nazungumzia mafunzo ya walimu wa mazoezi ya wazee hapa Mtwara, maana ndiko tulikokwama.

Wengi waliojiandikisha wametokea kwenye timu za mpira na jimu. Mazoezi wanayajua. Kilichowaangusha kwenye mtihani wa vitendo ni kumfanyisha mzee mazoezi kabla ya kumpima. Kamati imeamua kwamba asiyejua kupima hapewi cheti, hata awe hodari kiasi gani wa kuchangamsha watu.

Kipimo cha kwanza ni kiti kisicho na mikono, kimo sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani. Mzee anapishanisha mikono kifuani, anainuka na kuketi kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 asipofikisha mara 11, au mwanamume mara 12, mapaja yake ni dhaifu kwa umri huo. Msitumie viti vya plastiki: miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye sakafu yenye mchanga.

Kisha anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Simama karibu naye anapogeuka.

Presha ipimwe baada ya kulala dakika 5, halafu akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, siku hiyo afanye mazoezi ya kuketi tu, na aende zahanati na dawa zake mkononi.

Dawa hizo zizingatiwe sana. Anayetumia atenolol, dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo, mapigo yake hayapandi kama ya mwingine. Mwalimu anayemkimbiza ili mapigo yapande atamuumiza. Sikiliza maneno yake: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, kasi inatosha.

Uzito hauna gharama. Chupa ya nusu lita ikijaa maji ni nusu kilo. Ikijaa mchanga mkavu inapita robo tatu ya kilo. Anyanyue mara 10 hadi 12, apumzike, arudie. Asibane pumzi, kwani presha hupanda ghafla. Mazoezi ya nguvu ni siku 2 kwa wiki, ya kusimama imara bila kuyumba siku 3.

Mwaka huu vitendo viligongana na msimu wa korosho, wazee wako shambani, wanafunzi hawana wa kumpima. Mwaka ujao vitendo vitakuwa Mei hadi Agosti, saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Kuinama na kuokota korosho kutafundishwa kama zoezi: makalio nyuma, mgongo umenyooka, kuinuka polepole.

Tunahitaji viti imara vya mbao na mashine ya presha yenye mkanda mpana kwa wenye mikono minene. Mwenye navyo amwone katibu leo.