Uwanja mzima ukigeuka

Iowa City, Jumapili jioni

Swahiba yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi. Uliniuliza mbona Jumamosi sipatikani tena kwenye simu. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ile niliyokuwa nakuambia si mpira.

Timu ni ya Chuo Kikuu cha Iowa, wanaitwa Hawkeyes. Ni wanafunzi, lakini uwanja wao unabeba karibu watu 70,000, kuupita ule wetu wa Mkapa. Siku ya mechi, tangu asubuhi, watu wamefungua buti za magari, wanachoma nyama na soseji, wote nyeusi na njano. Mara ya kwanza nilikuwa napita zangu tu, mzee mmoja akanivutia kiti na kunipa sahani. Nikaona kama niko kwetu.

Uwanja unaitwa Kinnick. Nile Kinnick aliichezea timu hii, akatwaa Heisman mwaka 1939, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Vita ilipokuja akawa rubani. Tarehe 2 Juni 1943, akiwa mazoezini, ndege yake ilivuja oili ikaishia baharini karibu na Venezuela. Alikuwa na miaka 24, na jezi yake pia ilikuwa namba 24. Haivaliwi tena. Sehemu ya kuchezea nayo, tangu 2021, ina jina la Duke Slater, mtu mweusi aliyecheza hapa miaka mia moja nyuma, mara nyingi bila kofia ya kukinga kichwa. Kila nikiliona jina lile nafurahi.

Sasa sikiliza. Ng'ambo ya barabara kuna hospitali ya watoto, na ghorofa zake za juu zinachungulia uwanjani. Mwaka 2017 shabiki mmoja alitoa wazo, likashika. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unageukia hospitali na kupunga mikono: wachezaji, makocha, waamuzi, hata mashabiki wa wageni. Mechi za usiku watu huwasha taa za simu.

Jana jirani yangu wa kiti aliniazima darubini. Nikamwona mtoto amebebwa, hana unywele hata mmoja, amebandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Baadaye akauondoa mkono mmoja, akapunga polepole, kama anayefuta vumbi. Nilipunga mpaka bega likauma. Mpira ulipoanza tena sikujua nani anaongoza, na nilikuwa bado nimeshika darubini ya watu.

Wewe ulinihadithia siku zile mlizolala wodini na mdogo wako, dirisha likitazama ukuta. Nilikukumbuka sana.

Ukija Oktoba njoo na koti zito. Tiketi niachie mimi.

Wako daima.