Salma, kalamu iweke chini kwanza

Salma ndugu yangu,

Salamu, ingawa ni za mbiombio. Sisi wazima, mguu wa Shemeji umepona, sasa analalamikia mgongo. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba, na una haki ya kuninunia. Utaninunia baadaye. Leo nakuomba jambo moja tu: usitie saini.

Huo mkataba wa kuchapa kitabu cha hadithi zako ulionitumia nimeusoma mara tatu. Wewe bila shaka ulikimbilia ukurasa wa malipo, wala sikulaumu, hata mimi nilianzia huko. Hebu rudi kifungu cha 7. Wanasema mwandishi anahamisha hakimiliki yote, kwa matumizi ya kila namna, kwa muda wote itakapodumu. Muda huo unaujua? Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka kiwango cha chini: uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi nyingi zimefikisha 70. Yaani wajukuu zako watakwenda kuwapigia magoti watu hao ili wachape hadithi ulizotunga ukiwa na mimba ya mama yao!

Nina uchungu kwa sababu nyoka huyo alishaniuma. Ile hadithi yangu ya kinyozi unaikumbuka? Nilisaini nimesimama, tena kwa kalamu ya kuazima. Miaka ikapita, siku moja nikaisikia redioni, imegeuzwa mchezo. Nikaenda mbio kudai changu, nikaoneshwa saini yangu mwenyewe. Saini nzuri kweli, ina mkia. Rehema alicheka mpaka machozi, kisha akagundua kwamba yangu mimi hayakuwa ya kicheko.

Kwa hiyo waambie unatoa leseni, huhamishi. Kupangisha si kuuza. Wape ruhusa ya kuchapa kitabu, kwa lugha hii, kwa miaka kadhaa inayotajwa kwa tarakimu. Tafsiri, redio, filamu, sauti, kila kimoja wakitaka waje tuzungumze upya. Na kitabu kikiisha sokoni wasipokichapa tena, haki zirudi kwako. Wakikataa kabisa kuandika hivyo, basi... ah, tutaona.

Kuhusu bahasha, acha kujisumbua. Nani alikudanganya kwamba ukijitumia mswada kwa posta usiifungue, ndipo unapata hakimiliki? (Nahisi ni yule yule wa kwaya.) Umeshaipata tangu siku ulipoandika. Kama pana ofisi ya kusajili, sajili, ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi, lakini usajili sio unaoizaa. Na huyo unayesema kakuibia wazo la bubu anayeongea na mto, mwache. Wazo halina mwenyewe mbele ya sheria. Kinacholindwa ni jinsi ulivyolisimulia, maneno yako. Akinakili kurasa zako, hapo niite.

Kuna na kifungu cha 12, kidogo kama chawa. Katika nchi nyingi, hata ukiuza kila kitu, haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi na ya kuzuia kazi yako isiharibiwe hubaki kwako. Wao wanataka uikane. Maana yake wanaweza kukata mwisho wa hadithi, wakabandika wanaoupenda, na jina lako wasiliweke. Hicho kiliniudhi kuliko cha 7. Hapana, nasema uongo, cha 7 bado kinaongoza.

Eti hata barua hii, karatasi ni yako ila maneno ni yangu! Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1741, mshairi Alexander Pope alipomshtaki mchapishaji Edmund Curll kwa kuchapa barua zake. Msomee yeyote ukitaka. Kuichapa, uniombe.

Sasa nijibu. Kuna chochote ulichokwisha kusaini, hata risiti? Malipo ni ya mara moja, au utapata asilimia kwa kila nakala? Na picha za ndani kachora nani? Kama ni binti yako, mbona jina lake silioni popote, au wanadhani michoro imeota yenyewe? Wamekupa mpaka lini? Ijumaa nina nafasi kutwa nzima. Uje, au nije mimi?

Wako asiyejifunza kunyamaza,
Bahati